Tuta Lisilo na Majani

Serikali ilikuwa imekwisha kuacha kuwapangia wahitimu kazi. Nami nilikuwa na cheti, koti la mtumba, na kibarua cha wiki mbili: kuandaa banda la urithi kwa maadhimisho ya kuanzishwa kwa halmashauri yetu. Ofisa utamaduni aliniambia nikifanya vizuri mbele ya mgeni rasmi, angeniombea nafasi ya kudumu. Tangu hapo chakula hakikunishuka.

Nilimwomba bibi aje kutoka Msanzi aoneshe jinsi sisi Wafipa tunavyolima matuta ya mviringo. Kisha nikaanza kuwaza. Viatu vya mgeni je? Umande? Nyoka? Siku ya sherehe, alfajiri, nikafyeka majani yote ya kiwanja cha banda, nikafagia, nikayatupa nje ya uzio. Ng'ombe wa wafugaji waliokuwa wakipita wakayamaliza.

Bibi alifika na jembe begani, akatazama ule udongo mtupu.

"Mume wangu, majani yako wapi?"

"Nimesafisha, bibi."

"Sasa tuta nitalijaza nini? Vitabu vyako?"

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo nililoliona tangu utoto: majani hulazwa, hufunikwa udongo, yakaoza humo na kulisha maharage. Msimu unaofuata tuta husambazwa, ukapandwa ulezi.

Ofisa alininong'oneza, "Kijana, mwambie arundike udongo tu. Mgeni atajua nini?"

Bibi alisikia. "Yeye hajui. Wale je?" Alionesha wakulima waliojaa kando ya kamba. "Hilo litakuwa kaburi. Mnataka nimzike nani?"

Magari yakaingia. Mgeni akafika bandani, akauliza tuta liko wapi. Ofisa alinikazia macho. Nikasema kwamba majani nimeyafyeka mimi, na bila majani hakuna tuta. Wakulima walicheka mpaka wakashikana mabega. Mgeni akamgeukia bibi, naye akamweleza kwa maneno na mikono hadi ratiba ikavurugika.

Jumatatu nilikwenda ofisini. Mlinzi akaniambia kibarua kimekwisha. Nilirudi kwa miguu hadi chumbani kwangu Chanji, bibi alikokuwa amefikia, nikijiuliza ningenyamaza ingekuwaje.

"Wamekupa?" bibi akauliza.

"Hawajanipa."

"Kesho nawahi gari. Mvua zinakaribia kukatika na matuta yangu hayajafika nusu. Twende."

Nilikubali. Hata sijafunga begi, nikaanza kuwaza: na barua ya kazi ikija nikiwa shambani?