Aliyelia Kuliko Wote

Juzi, Port Victoria, niliona mtoto wa mbwa akitetemeka chini ya meza ya samaki, nikamkumbuka wetu. Tulikuwa tumemwokota mtaroni Kisumu, ananuka matope, analia hata kuku akipita. Mama alimtafutia mahali pa kukaa, lakini jirani alimkataa.

"Mwoga hivi atalinda nini, Mama?"

Kisha mzee mmoja wa ufuoni akamfinya sikio, mbwa akapiga ukelele. Mzee akacheka. "Huyu ndiye nilikuwa natafuta. Anayelia hivi ana kazi ziwani."

"Asante, Mzee. Umemwokoa," Mama alimwambia.

Nilidhani mbwa wetu atapanda mtumbwi na kushiba samaki. Nilipokuwa mtu mzima, nikizurura fuo nyingine, niliona wategaji wa mamba wakimfunga mtoto wa mbwa ukingoni awe chambo, wakimchagua anayelia sana ili kilio kimvute mamba.