Mashine Ambayo Tata Hakuweza Kuingia Kuiona

Kwetu, juu ya Keumbu, hakuna mahali tambarare. Ukiangusha limau mlangoni utalifuata hadi mtoni. Tunalima tukiegemea upande, tunajenga tukiegemea upande, hata kuku wetu nadhani wana mguu mmoja mrefu. Haya hayakunisumbua hata siku moja mpaka nilipopata mashine ya kukereza chuma, ambayo isipokaa sawasawa haina faida yoyote zaidi ya kuwa chuma kizito ndani ya nyumba.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa nimefanya kazi katika karakana moja Kisumu na huko nikajifunza kukereza. Unabana kipande cha chuma katika taya za mashine, kinazunguka, nawe unakisogezea kisu kidogo kidogo hadi kipate umbo na kipimo unachotaka. Ukizidisha kwa unene wa unywele, umeharibu, anza tena. Mzungu mmoja wa upande wa Sotik, aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao, alikuwa na mashine ya namna hiyo nyumbani kwake. Ilikuwa ndogo, ya kukanyagwa kwa mguu kama cherehani, na sahihi ajabu. Alikuwa akiitumia kutengeneza vipuri vya saa na bunduki zake. Alitaka kuiuza, na mimi sikuwa na kitu.

Aliyekuwa na kitu ni baba yangu, Tata kama tunavyosema kwetu. Alikuwa na mikaratusi. Aliikata yote akaiuza, mteremko mzima ukabaki kipara, wala hakuniuliza mashine yenyewe inafanana na nini. Nilikuwa nimemwambia tu kwamba chuma kinakatwa kama sabuni, kinatoka kimejikunja. Akasema, "Basi siku hiyo nitakuja nikione kikikatwa." Hakudai kingine chochote, na hicho kimoja kilinitoa jasho kuliko deni lolote.

Vijana wa ukoo waliibeba kutoka barabarani wakinitukana mimi, mzungu na aliyevumbua chuma. Sakafu ya saruji ilikuwa moja tu katika boma letu lote, nayo ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba niliyojenga nilipooa. Nikaiweka hapo. Nikaifunga kwa bolti, nikaweka pima maji juu yake, kile kifaa chenye kipovu kinachoonyesha usawa, nikawa naingiza vipande vya bati chini ya miguu yake, hapa kimoja, pale viwili, toa, rudisha. Mke wangu alipita mara nyingi na mtungi wa maji akinitazama kama mtu anayemhurumia mgonjwa. Hatimaye kile kipovu kilisimama katikati, kikatulia. Karibu nilie.

Nikatoka nje kumwita Tata aje aone. Alikuwa amesimama uani, mikono nyuma, na hakusogea. Akanitazama tu. Ndipo nilipoelewa nilichofanya.

Kwetu kuna heshima tunayoiita *chinsoni*. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Haingii kula, haingii kujikinga mvua, haingii hata nyumba ikiwaka moto, nadhani angemwaga maji kupitia dirishani. Kila mtoto wa Kikisii anayajua haya kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Nami niliyajua vizuri sana, ila akili yangu yote ilikuwa kwenye saruji. Nilikuwa nimechukua kitu pekee duniani ambacho baba yangu alitaka kukiona, nikakifunga kwa bolti mahali pekee duniani ambapo asingeweza kukanyaga.

"Si kitu," alisema Tata. "Nitatazamia dirishani."

Dirisha lilikuwa moja, dogo, nami nilikuwa nimeiweka mashine chini yake kwa sababu huko ndiko kulikotoka mwanga wote wa kufanyia kazi. Nikabana kipande cha shaba, nikaanza kukanyaga. Tata akaja, akaweka viganja viwili kando ya macho, akajaza dirisha lote. Chumba kikawa giza tititi.

"Imeanza?" akauliza.

"Ilikuwa imeanza, Tata. Sasa sioni."

"Mbona huoni?"

"Umesimama kwenye mwanga."

Akasogea kando. Mwanga ukarudi, nikakanyaga tena, kisu kikaanza kung'ata shaba vizuri.

"Sasa mimi sioni," akasema kutoka kwenye ukuta.

Mchezo huo tuliucheza miaka. Akija, mimi sioni. Nikiona, yeye haoni. Nilijaribu taa ya chemli, ikawa inatikisika kila nikikanyaga na kivuli cha mkono wangu kinaruka juu ya kazi. Niliharibu bushi, ile pete inayoshika mhimili, ya mashine ya kusaga ya mtu wa Nyamira kwa sababu ya taa hiyo. Nilipomaliza kipande kizuri nilimpitishia Tata dirishani, akakipapasa, akakigeuzageuza, akakirudisha. "Hiki ni chuma kilichokatwa," alisema. "Mimi sikuomba kilichokatwa."

Laiti angekuwa yeye peke yake. Wazee wote wa ukoo wa rika lake ni baba zangu vilevile, na chinsoni inawakamata wote. Na nani mwenye jembe lililolegea, pampu iliyovuja, baiskeli inayotafuna ekseli? Wazee hao hao. Nusu ya wateja wangu walifanya biashara nami kupitia dirishani, kila mmoja akining'iniza kichwa chake ndani kama ng'ombe kwenye zizi, akinieleza shida yake huku akinizibia mwanga wa kuitatulia. Na waliamini mashine ile inaweza kila kitu. Mmoja aliniletea meno yake ya bandia. Mwingine alileta sufuria iliyotoboka, akakasirika nilipomwambia hii si kazi ya kuziba sufuria, akaenda akisema nimejaa maringo ya Kisumu.

Nayo Sabato ilikuwa na yake. Sisi ni Waadventista. Siku ambayo watu wote wana nafasi, wamevaa vizuri, wametoka kanisani na wanataka kupita kwangu kuona ile mashine, ndiyo siku ambayo siwezi kugusa pedali. Walikuja makundi makundi, wakaitazama ikiwa imelala, wakauliza, "Ndiyo hii tu?" Jumapili waliporudi mashambani ikawa inafanya kazi vizuri bila shahidi.

Ndani ya nyumba vita vilikuwa vya namna nyingine. Mke wangu alianika wimbi kwenye chumba hicho, na vumbi la wimbi likichanganyika na mafuta ya mashine linakuwa uji unaosaga kila kinachoteleza. Nami vipande vyangu vya chuma vilivyojikunja viliingia kwenye jamvi lake, vikaingia miguuni mwake, kimoja kikaingia ugalini. Alikitoa mdomoni, akakiweka kando ya sahani yangu, akaendelea kula. Siku hiyo niliogopa.

Basi nikajiona mwerevu. Nikafikiri, nyumba inakuwa nyumba kwa sababu ya nini? Kitanda na meko. Nikahamisha kitanda, nikahamisha mafiga matatu, nikahamisha mke na kila kilichokuwa chake, tukabanana katika kibanda cha jikoni ambacho moshi wake ungekausha nyama. Nikaenda kwa Tata nikamwambia kile chumba si nyumba tena, ni karakana, karibu. Akafikiri kwa makini, maana alikuwa mtu wa haki.

"Ulipooa, mlilala wapi?"

"Pale, Tata."

"Basi," akasema, na akaendelea kuchonga mpini.

Mke wangu aliyabeba yale mafiga kuyarudisha, moja baada ya jingine, akiyaangusha chini kwa kishindo mbele yangu. Sikumlaumu.

Dawa ilikuwa moja tu, nayo kila mtu aliijua: kujenga kibanda cha mashine nje, mahali ambapo hajalala mtu. Lakini wapi? Palipokaribia kuwa tambarare katika ardhi yetu yote ni pale penye zizi la Tata, mbele ya nyumba yake. Kwingine ningechimba mlima hadi uzee. Nikamwomba. Akakataa. Nikamtuma mama, akakataa. Nikamtuma mjomba kutoka Sironga, mtu anayeweza kuushawishi mto upande juu, naye akarudi akifuta jasho.

"Zizi la mtu halihamishwi," Tata alisema. "Kwa nini hutaki kuitoa tu nje kwa siku moja, nione, uirudishe?"

Nilimweleza kuhusu pima maji. Nilimweleza kwamba nikiilegeza bolti moja nimepoteza kazi yote ya kuiweka sawa, na kwamba kwenye mteremko wetu itakata vitu vilivyopinda kama ndizi. Alinisikiliza hadi mwisho. "Wazungu walikuuzia mashine dhaifu sana," akasema.

Wakati huo macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Kila mmoja aliona isipokuwa yeye, au tuseme yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kukubali. Alikuwa akiinamisha kichwa kando ili atazame kwa pembe ya jicho. Dirishani alikuwa akikaza viganja vyake, akiuliza hicho kinachozunguka ni kipi. Nilimsihi twende kwa madaktari wa misheni, wanaosafisha macho ya namna hiyo. Alisema hakuna mtu atakayemwingizia kisu jichoni wakati bado anaona. Nikamuuliza, "Yule ng'ombe aliyesimama kule ni yupi?" Akamtaja kwa jina lake, na akapata, kwa sababu hakuwa na mwingine aliyekuwa akifungwa pale. Nilitaka kupiga kelele. Mtu huyu alitaka kuona kitu kimoja, na kila njia ya kukiona aliifunga mwenyewe kwa mkono wake, halafu alirudi dirishani kuuliza kama imeanza.

Kisha asubuhi moja alitoka nje akajigonga kwenye nguzo ya zizi, akapasuka kipaji cha uso. Mama alikuja na kitambaa na maji ya chumvi.

"Mtu anagongaje nguzo aliyoisimika mwenyewe?" akauliza.

"Kulikuwa bado giza," alisema Tata. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya migomba. Halafu akanigeukia, damu ikimchuruzika hadi puani. "Momura," akaniita, yaani kijana wangu, "hizi nguzo zimekaa vibaya. Zing'oe zote. Jenga kibanda chako."

Miaka yote ile, wajumbe wote wale, na kilichonipa kiwanja ni nguzo! Sikumpa nafasi ya kubadili nia. Siku ile ile ng'ombe walipelekwa kwa dada yangu na mimi nikawa nimeshika jembe. Nikajaza mawe, nikamwaga saruji, na saruji ya sakafu ya mashine haitaki haraka, ukiiharakisha inapasuka. Mvua ikanyesha kama iliyotumwa. Nikasubiri. Tata akawa anakuja kila asubuhi na fimbo yake kuigonga sakafu na kuuliza, "Bado?" Namwambia bado. Anasema, "Hata ugali haukai muda wote huu." Mabati yakachelewa. Fundi wa paa akapata msiba Itumbe, akaenda, akakaa. Nilikuwa silali. Nilimkasirikia fundi, nikaikasirikia mvua, nikamkasirikia marehemu nisiyemjua.

Hatimaye nikailegeza mashine, vijana wakaibeba, sasa wakiwa watu wazima wenye watoto na matusi mapya. Nikaanza tena vile vipande vya bati chini ya miguu, pima maji, toa, rudisha, hadi kipovu kikakaa. Nikaipaka mafuta mazito dhidi ya unyevu, nikaifunika kwa gunia la chai na kulifunga kwa kamba. Kesho yake nikaenda kumwita Tata.

Alikuwa ameshavaa koti lake la kanisani, ingawa haikuwa Sabato. Mama alimshika kiwiko hadi mlangoni, akamwachia hapo kwa sababu Tata aliusukuma mkono wake. Akavuka kizingiti. Kwa mara ya kwanza tangu nioe, baba yangu alikuwa amesimama ndani ya mahali pangu, na mwanga ulikuwa mwingi, nilikuwa nimeweka madirisha pande tatu. Alisimama wima mbele ya mashine, mikono nyuma, akainua kidevu. Mimi nilikuwa nimeinama upande wa pili, nahangaika na fundo la kamba, kwa maana unyevu ulikuwa umelikaza.

Akatikisa kichwa taratibu, kama anavyofanya akipewa kitu kizuri.

"Sasa nimeiona," alisema. "Ni mashine nzuri. Inang'aa."

Fundo lilikuwa bado mkononi mwangu. Gunia lilikuwa bado limeifunika yote, kutoka juu hadi chini.

"Ndiyo, Tata," nikasema. "Inang'aa sana."

Nikalifungua lile fundo, nikaanza kulivuta gunia taratibu, kidogo kidogo, ili asisikie.