Simu Inayoanzia kwa Mama

Mpiga pasi wa hoteli alirudi nyumbani miguu imevimba, viatu kavishika mkononi. Siku nzima ananyoosha mashuka ya watu waliolala vizuri, na yeye usingizi ameshausahau sura. Mama yake hukohoa usiku, na chumba ni kimoja, jiko pembeni.

"Umerudi?" mama aliuliza kutoka kitandani.

"Nusu imerudi. Nusu nyingine iko njiani."

"Isipotee tu."

Mama masikio yalikuwa yameziba, ila siku hizi alikuwa akisikia tena. Kaka mtu alimletea mashine mbili za masikio, ndogo kama maharage. Akaziunga na simu ya mdogo wake, huyu mpiga pasi, kwa blututhi, ili sauti ipandishwe na kushushwa humo, maana vitufe vyenyewe mama havioni. "Ni kitu cha hewani tu," akasema, akawahi gari lake. Maelezo yakaishia hapo. Wa kuleta vitu ni wengi; wa kubaki navyo ndio adimu.

Tangu siku hiyo simu ikaingia kisirani. Akipokea akiwa ndani, kimya. Akifika bombani uani, sauti inarudi. Alilaumu mtandao, akazoea kuanza kila mazungumzo kwa mwendo, halo, halo, kandambili zikipiga sakafu. Majirani wakasema simu yake inataka kutembezwa kama mbuzi.

Mchana alikuwa amemwandikia kaka yake: nimechoka, mchukue mama japo miezi miwili nilale. Sasa akampigia, amesimama jikoni. Ikapokelewa. Kimya.

"Kaka? Halo?"

Akatoka. Kufika bombani, sauti hiyo: "...basi ndivyo ilivyo, mdogo wangu."

"Ndivyo nini? Mwanzo sikusikia."

Kaka akavuta pumzi. Neno zito likishatoka mara moja, kulirudia ni kazi. "Nimesema tutaangalia."

"Mtaangalia nini, mwezi?"

"Tutaangalia." Akakata.

Ndani, alimkuta mama ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani.

"Mwambie mke wa kaka yako," mama alisema taratibu, "kikohozi changu hakiambukizi. Na chumba cha wageni abaki nacho."

Mpiga pasi alisimama na simu mkononi. "Nani kakwambia?"

"Kaka yako. Humu sikioni. Simu zako zote zinaanzia kwangu, ukifika bombani zinakatika. Nilidhani zimetengenezwa hivyo, mzazi asikie kwanza." Akakohoa kidogo. "Na yule muuza sabuni anayekuita ua la moyo wake, mwongo yule."

Mpiga pasi akakaa chini, hapo hapo sakafuni. Kumbe haukuwa mtandao. Simu na mashine zilishikana kwa kamba isiyoonekana, kamba fupi, ya chumba kimoja na ukuta mmoja. Simu ikiwa karibu, sauti inakwenda masikioni mwa mama. Ikisogea mbali, kamba inakatika, sauti inarudi kwake. Yeye ndiye aliyekuwa akiikata kila siku kwa miguu yake.

"Ulitaka kunipeleka," mama alisema.

"Nilitaka kulala, mama."

"Najua. Mgonjwa wa usiku ni mimi, lakini anayekesha ni wewe."

Mpiga pasi akatafuta kwenye simu pa kuizimia ile blututhi. Mama akamzuia mkono.

"Utazima baadaye. Mpigie tena, halafu nipe."

Akapiga, akampa. Safari hii hakutoka nje. Aliegemeza kichwa kwenye godoro, asisikie lolote upande wa pili, ila mama tu akiiongelesha simu aliyoishika mbele ya kinywa kama kikombe.

"Ni mimi. Ndiyo, nilisikia yote... Usilie, mtu mzima wewe. Sikuombi chumba. Kila Jumamosi uje ukeshe na mimi, mdogo wako akalale kwa jirani." Akasikiliza kwa muda mrefu. "Mke wako atazoea. Haya. Na uje na shuka lako, humu hakuna wa kukupigia pasi."

Akageuka amwambie binti yake. Alikuwa ameshalala, mdomo wazi, kandambili moja mguuni.