Ndege Aliyenizoea

Tangu nihamishiwe kufundisha Kidete, sina mtu wa kuzungumza naye jioni. Basi nikawa nakaa kando ya Mto Mkondoa nikimchora yangeyange, ndege mweupe, aliyesimama peke yake shambani ng'ambo. Miwani naiacha nyumbani, eti inanizeesha. Wiki nzima nilimchora huku nikimsimulia habari za marehemu mke wangu. Hakuruka hata mara moja, nikajisifu kwamba amenizoea.

Jana mama mwenye shamba akatokea nyuma yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Kila siku nakusikia, unaongea na nani?"

Nikamwonyesha mchoro kwa fahari. "Na ndege yule."

Akautazama mchoro, akatazama ng'ambo, kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, ule ni mfuko wa mbolea. Niliufunga kwenye mti ufukuze ndege."