Chipu Niliyoianika Pamoja na Ulezi

Tangu biashara iachiwe huru na redio zijae mtaani kwetu Majengo, nilijiita fundi bingwa wa redio. Bingwa huyo ndiye aliyeua pampu ya maji ya mtaa wa Kizwite.

Mitambo yake aliibuni Mwalimu Anastazia, akatugawia mafundi michoro bure. Mvua ikailowesha pampu. Nikachomoa chipu yenye maagizo, nikabandua karatasi iliyoziba kidirisha chake cha kioo, nikaianika chipu wiki nzima juani ikauke, mkekani, kando ya ulezi. Kuirudisha, pampu kimya.

“Mchoro wa Mwalimu mbovu!” nikawatangazia kina mama wenye ndoo.

Mwalimu akaja, akaipima chipu. “Jua limepenya kidirishani, limefuta maagizo yote. Fundi, nani kabandua karatasi yangu?”

“Sijui, Mwalimu.”

Akatazama sanduku langu la vifaa, nilikoibandika karatasi hiyo kama pambo. Kina mama wakausoma mwandiko wake kwa sauti: “Usibandue.”