Karatasi ya Vidole Saba

Wapo wanaosema Mwalimu Enoka Keraryo hakwenda Ulaya kwa sababu aliogopa baridi. Wengine wanasema mkewe alimzuia, na yule mama wa watu hajawahi kumzuia hata kuku. Nimechoka kuwasikia. Mimi Jeska ndiye niliyepiga taipu kila barua yake, na siku ya mwisho nilikuwepo. Kwa hiyo nyamazeni niwaeleze.

Mwalimu alizaliwa Kiriba, baba yake akiwa kibarua mgodini Buhemba. Alisoma mpaka chuo kikuu, Mlimani Dar es Salaam, akarudi Musoma kufundisha saikolojia katika chuo cha ualimu nilikokuwa mpiga chapa. Alikuwa mwembamba, suruali za kaki mbili, na mdomo usiopumzika. Ukimsalimia asubuhi anakuuliza umejuaje kwamba ni asubuhi. Wengine walimkimbia. Mimi sikuwa na pa kukimbilia, meza yangu ilikuwa karibu na mlango wake.

Alitamani kitu kimoja tu maishani, na hakikuwa gari wala cheo katika Chama. Alitaka shahada ya pili ya saikolojia, ajue mtoto anakumbukaje.

"Jeska, mtoto wa miaka sita akisimuliwa hadithi leo, kesho hadithi ile inakuwa wapi?"

"Kichwani mwake, Mwalimu."

"Sehemu gani ya kichwa?"

Nilikuwa naendelea kupiga taipu. Nani ana muda.

Mwaka 1975 chuo kikuu kimoja cha Ulaya kilimwahidi nafasi ya mwaka mmoja, aende kama mtafiti mgeni, na akifanya vizuri aunganishe shahada. Wizara ilimpa ruhusa. Sharti lilikuwa atume kwanza utafiti mdogo wa nyumbani. Akachagua kijiji kimoja kipya cha ujamaa kati ya Butiama na Bunda, watu wa pamba na ng'ombe, waliohamishiwa pale mwaka uliotangulia, nyumba zao zikapangwa mistari kama darasani. Kila Jumamosi alipakia baiskeli juu ya basi akaenda. Alikuwa anawasimulia watoto hadithi, na wiki inayofuata anawaomba waisimulie wao. Alitaka kuona kama mtoto mwenye ndugu wengi anakumbuka kuliko mwenye ndugu wachache. Kwa hiyo ilibidi kila mama aulizwe ana watoto wangapi.

Sasa, kwetu mama hahesabu watoto wake. Kuwahesabu ni kukionyesha kifo walipo. Ukimbana sana atakutajia idadi pungufu, amfiche mmoja, na hapo utakuwa umemkera. Mwalimu alilijua hilo tangu utoto. Mama akisema wanne, aliandika wanne kwenye karatasi ya maswali, kisha kwenye jedwali la mwisho akaandika watano. Alifanya hivyo nyumba zote arobaini bila kuweka neno moja la maelezo, kwa sababu hakuona cha kueleza. Mimi mwenyewe nililipiga taipu jedwali lile nikaona liko sawa kabisa.

Profesa wa kule hakuwa mtu wa kwetu Mara. Aliomba karatasi zenyewe, akazilinganisha na jedwali, na barua aliyorudisha niliisoma kabla ya mwenyewe, nakiri. Iliuliza kwa adabu kubwa kwa nini Bwana Keraryo alipika takwimu.

Sijawahi kumwona mtu mzima akinywea vile. Ilimchukua siku mbili kushika kalamu. Halafu akaandika kurasa nne za maelezo. Profesa akajibu kwamba jambo lile lilimvutia sana, lakini alihitaji ushahidi. Zipatikane hata karatasi halisi za nyumba moja, zenye alama za wahusika, kuonyesha kwamba idadi ya kwanza ilikuwa pungufu. Zipelekwe posta kabla ya Juni kwisha, la sivyo nafasi angepewa mwingine.

Mwalimu alizunguka kijiji kizima. Akina mama walimkaribisha uji, wakamsikiliza, wakakataa. Aliyekubali ni mmoja tu, Wankyo, ambaye wote walimwita mama Gati kwa jina la binti yake mkubwa. Mwanawe wa mwisho, Esta, alikuwa na miaka minne na alizipenda hadithi za Mwalimu mpaka akawa anamngoja njiani.

"Mimi mdomo wangu hautasema," mama Gati alimwambia. "Lakini nyie watu wa karatasi mnapendaga vidole. Nitawaita watoto, kila mmoja aweke chake. Kuhesabu utahesabu wewe huko kwako."

Mwalimu akaazima pedi ya mhuri ofisini kwangu. Watoto walipanga foleni, wakabonyeza dole gumba mmoja mmoja, naye akaandika jina pembeni ya kila alama. Mwanzoni mama yao alikuwa ametaja sita. Kwenye karatasi vilikuwa vidole saba. Alirudi Musoma anapiga mluzi, na mimi nilifurahi naye, kwa kweli nilifurahi.

Barua niliipiga taipu Jumanne. Tukaitia pamoja na karatasi ile kwenye bahasha, nikaibandika gundi, ipelekwe posta kwa rejista. Jumatano zikaja habari kwamba surua imeingia kijijini na Esta amefariki.

Tulikwenda wote wawili Alhamisi. Bahasha ilikuwa kwenye mkoba wake, tulipanga kuipitisha posta ya Bunda wakati wa kurudi, kwani Juni ilikuwa imebakiwa na siku mbili. Ndani ya basi nilimwambia kwamba ni surua, kwamba watoto wengine watatu wamekufa kijijini huko ambao hawakuweka kidole popote.

"Najua ni surua, Jeska. Lakini nilijua pia kwa nini mama wa kwetu hahesabu, na bado nilimwomba."

Msibani walitupisha njia bila kutupa mkono. Makongoro, shemeji yake mama Gati, alisema kwa sauti ya kutosha, "Ndiye huyu wa kuhesabu." Mwalimu aliinamisha kichwa akakaa chini na wanaume.  Ningekuwa mwanamume ningemjibu yule mtu.

Baadaye mama Gati alitoka ndani, akaja mpaka tulipokuwa. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini alisema taratibu.

"Mwalimu, ile karatasi ipo?"

"Ipo, mama Gati."

"Mwanangu hakuwahi kupigwa picha. Nguo zake tumemzika nazo. Pale alipoweka kidole, pamebaki?"

"Pamebaki."

"Basi nipe."

Mwalimu akafungua mkoba. Mimi nilimshika mkono, nikamvuta pembeni, na mpaka leo naona aibu kwa nilichomwambia. Nilimwambia ampe mama wa watu karatasi yake, turudi Musoma, tutengeneze nyingine, na mwanangu, pale nyumbani Kitaji, abonyeze vidole vyote saba. Nani Ulaya angejua?

"Ndicho walichosema nimefanya," akanijibu.

Akaichana bahasha mbele yangu. Barua niliyoipiga akaikunja akaitia mfukoni, na Agosti nafasi ile alipewa mtu mwingine. Karatasi akampelekea mama Gati kwa mikono miwili. Mama Gati hakujua kusoma, akauliza cha Esta ni kipi. Mwalimu akamshika mkono, akakiweka kidole cha mama juu ya kile kidogo cha mwisho. Kilifunikwa chote.

Mama Gati akakiacha kidole pale. Kisha akauliza kama wino ule unafutika kwa maji.

"Unafutika," Mwalimu akasema.

Mama Gati akainyoosha mikono, akaiweka karatasi mbali na uso wake, ndipo akalia.