Paa Moja Ukingoni mwa Msitu

Mtu ambaye macho yake yanamwacha polepole, unampeleka akaone nini? Nilijiuliza hivyo daktari alipotuambia kwamba presha ya macho ilikuwa imekwisha kula sehemu kubwa ya uoni wa mama yangu, na kwamba kilichopotea hakingerudi. Sijapata jibu hadi leo. Mama mwenyewe alieleza hali yake kwa urahisi zaidi: alisema anachungulia dunia kupitia mwanzi, na mwanzi unazidi kuwa mwembamba.

Rafiki zangu wa chuo kikuu wamefika umri wa kuwa na nafasi na uchovu kwa pamoja, na wamebadili namna yao ya kusafiri. Zamani walirudi na picha za maduka ya Dubai. Siku hizi wanataka ukimya, mboga iliyochumwa asubuhi hiyo hiyo, na zaidi ya yote safari wanayoiita yenye maana. Huwapeleka wazazi wao walikozaliwa, kisha wakalala karibu na hapo katika vitanda ambavyo wazazi hao hawakuwahi kuviota. Nilikuwa nikiwacheka kidogo. Lakini mama alizaliwa ukingoni mwa msitu, akaolewa Butere, kwenye miwa, na alipoanza kukitaja mara kwa mara kilima ambacho wasichana wa kwao walikipanda alfajiri kabla ya kuokota kuni, ili walione jua likitoka juu ya miti, kicheko kiliniisha. Nilitafuta hoteli iliyo karibu na kilima hicho, nikachukua nyumba ya familia: vyumba viwili vya kulala, sebule katikati, baraza inayotazama msitu. Mume wangu alisema tusimfanyie mama kitu cha nusunusu.

Tulifika jioni. Msichana wa mapokezi alimpa mama kitambaa chenye joto cha kufutia mikono, akamwita kukhu, kama tunavyowaita bibi zetu, akatutangulia hadi kwenye nyumba, akitueleza kwamba alfajiri tungepanda kilima pamoja na wageni wengine na vijana wa kuwaongoza. Mama alipapasa nguzo ya baraza, akauliza kila mlango unakwenda wapi, kisha akaketi kwenye kiti cha nje, mkoba wake mapajani.

"Na mkwe wangu analala wapi?"

"Hapa hapa, kukhu. Chumba cha pili," msichana akajibu kwa furaha.

"Basi mimi nitalala kwenye hiki kiti."

Hapo ndipo nilipogundua nilichofanya. Kwetu, mama mkwe halali chini ya paa moja na mume wa binti yake. Hampi mkono, na hata wanapozungumza maneno yao hupitia kwa binti. Wapo wanaoyapuuza hayo siku hizi. Mama si mmoja wao, na mume wangu hajawahi kumtaka awe hivyo. Mama akija kwetu Shieywe, mjini, hunywa chai akaondoka kabla jua halijazama. Nami niliyelelewa ndani ya desturi hiyo nilizitazama picha za nyumba ile kwa majuma, nikaona shuka, beseni la kuogea na maua, nisione paa.

"Lakini kukhu, katikati kuna ukuta mnene," msichana akasema.

"Wewe umeolewa?"

"Bado."

"Ukiolewa utajua ukuta si kitu. Hebu tazama juu."

Msichana akatazama juu kweli, akaangua kicheko, kisha akatueleza kwa masikitiko kwamba nyumba nyingine zote zilikuwa na wageni.

Mume wangu alikuwa amesimama chini kando ya gari, ametugeuzia mgongo, kama afanyavyo daima kwa heshima. "Mwambie mama nitarudi mjini nilale nyumbani," akasema. "Si mbali."

"Mwambie sikuja kumfukuza mtu kitandani kwake," mama akaniambia, ingawa walikuwa wakisikiana vizuri bila mimi. "Mnirudishe Butere, mje mlale ninyi."

"Mwambie kitanda ni chake. Na mimi nakoroma."

"Mwambie hiyo habari ya kukoroma nilishaipata kwako zamani sana."

Tulicheka sote, lakini mama hakuuachilia mkoba. Nikachuchumaa mbele yake, nikamuuliza kama kweli alitaka kwenda bila kukiona kilima. Aliuelekeza uso msituni.

"Hapo tulikuwa tunapandanga tukikimbia," akasema kwa sauti ya chini. "Sasa huyo binti wa mapokezi amesema tutapanda na wageni na vijana wa kuwaongoza. Wataninyanyua kama gunia la mahindi, mwanangu. Kilima nakitaka sana. Kubebwa sitaki. Na wewe peke yako utanitumbukiza shimoni."

Nilimwamini. Njia sikuijua, na mume wangu, ambaye angekuwa mkono wa pili, hakuruhusiwa kumgusa. Nilikuwa karibu kusema turudi Butere.

"Mwambie mama," mume wangu akasema, bado hajageuka, "tutaenda sisi watatu tu. Nitatangulia. Penye jiwe nitasema jiwe, penye mzizi nitasema mzizi, na wewe utamwambia. Sitageuka nyuma."

Mama aliinamisha kichwa, akafikiri. "Mwambie aje kabla ndege hawajaamka. Na asikimbie."

Akanipa mkoba. Mume wangu akaondoka na gari, nami nikaenda kumwambia msichana wa mapokezi atuondoe kwenye msafara wa wageni.

Alfajiri mume wangu alitusubiri mwanzo wa njia, tochi mkononi. Alitangulia hatua chache, nami nikamshika mama kiwiko.

"Mzizi, kushoto."

"Mzizi, mama, kushoto."

"Mwambie nimesikia."

Tulipanda hivyo, polepole, nikirudia kila neno ambalo sote tulikuwa tumelisikia. Juu kileleni alizima tochi, akasimama akitazama mashariki. Mama alihema, akaupanga vizuri mtandio wake, akasubiri.

"Mwambie jua limeanza kutoka," mume wangu akasema. "Kulia kidogo kwa ule mti mrefu."

"Kulia kidogo, mama," nikasema, nikamshika mabega, nikamgeuza.